Utalala kwa Nani?

 

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya safari. Sisi wa huku tumezoea njia ndefu, lakini gari la moshi ni jambo lingine. Mwezi wa Machi 2012 mradi wa njia ya kutoka bandari ya Lamu ulizinduliwa, na reli ikachorwa ipite Garissa kuelekea Isiolo. Mpaka sasa hapa kwetu halijalazwa taruma hata moja, na ngamia angali na kazi yake.

Basi mama mmoja wa kanisa letu, mjane, alinijia na karatasi mkononi. Mwanawe alikuwa amemaliza masomo katika Chuo Kikuu cha St John's, Dodoma, nchi ya Tanzania, naye alitaka kuwapo siku ya mahafali. Hajapata kuvuka mpaka, wala kupanda gari la moshi. Akasema, "Mchungaji, nisaidie kupanga."

Tukapanga. Basi mpaka Nairobi, kilomita 370 hivi. Kesho yake gari la asubuhi kutoka Syokimau mpaka Mombasa, kwa reli ile iliyofunguliwa Mei 2017. Tiketi hukatwa mapema kwa simu, na kitambulisho huonyeshwa. Nikamwonya kwamba pale stesheni abiria wote hupanga mizigo chini kwa mstari, na mbwa wa polisi huinusa. Asije akadhani ni yeye tu anayeshukiwa kwa kuwa ametoka Garissa. Toka Mombasa ashike basi la kupita Lunga Lunga, awe na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Toka Dar es Salaam apande gari la umeme lililoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ambalo huchukua karibu saa nne tu.

Hayo yote tuliyamaliza kabla chai haijapoa. Ikabaki kulala. Dar es Salaam nikamwandikia Luther House, jirani na kanisa la Azania Front. Nairobi nikamwandikia nyumba ya wageni ya Anglikana. Nikajiona nimemaliza kazi njema.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Jirani yangu, yule mama Msomali auzaye maziwa, ana dada yake Eastleigh. Anataka nilale kwao, na kijana wao anipeleke Syokimau alfajiri. Nami naogopa."

Sikumwuliza anaogopa nini. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwatenga Wakristo. Mama huyu alikuwa mjini siku ile; milio ya risasi aliisikia kwa masikio yake. Nikamjibu upesi, bila hata kuomba: "Mama, nenda nyumba ya kanisa."

Usiku ule nilifungua Luka sura ya 10, Bwana anapowatuma wale sabini. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nimehubiri juu ya mavuno. Juu ya malazi nilipita mbio. Lakini tazameni: hawakuchukua mfuko wa fedha, kwa hiyo hawakuweza kulipia chumba. Ilibidi wapokewe. Waliambiwa waingie na salamu ya amani, wale walichoandaliwa, wasitangetange kutafuta nyumba iliyo bora zaidi. Na katika sura hiyo hiyo, aliyemlipia majeruhi gharama ya nyumba ya wageni ni Msamaria.

Nikakumbuka pia basi la Mandera, Desemba 21 mwaka ule ule wa 2015. Wenye bunduki walitaka abiria watengwe kwa dini, na Waislamu wakakataa. Akina mama waliwafunika wenzao Wakristo kwa hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016. Nilikuwa nimemtuma mama yule asafiri kana kwamba habari hiyo sijaisikia.

Asubuhi nikaenda kwake. Nikamkuta jirani ameketi mlangoni na kibuyu cha maziwa. Nikasema, "Jana nilijibu kwa haraka. Ukitaka kwenda Eastleigh, nenda." Jirani akacheka: "Mchungaji, ulidhani tutamlaza na mbuzi?"

Akaenda. Wenyeji walimpa kitanda cha binti yao, wakamlisha anjera na chai ya maziwa. Kulipopambazuka wao waliswali, naye akapiga magoti kando ya kitanda. Hofu, aliniambia baadaye, haikuisha yote usiku ule, lakini usingizi aliupata. Yule kijana alisimama naye mpaka mbwa walipomaliza kunusa mfuko wake.

Aliporudi alileta zabibu kavu za Dodoma, vifurushi viwili. Kimoja alikishusha Eastleigh, kingine akampa jirani. Mimi mchungaji wake sikuletewa kitu.

Na tuombe. Ee Bwana, uwalinde walio njiani juma hili kati ya Mandera na Nairobi. Uwabariki wote watakaowatandikia kitanda. Amina.