Gurudumu la Baisikeli na Vyombo Vyake



Jioni hii twataka kunena habari za magurudumu ya baisikeli. Karani aendaye kazini kwa baisikeli hutegemea upepo uliofungwa ndani ya mpira. Upepo ukitoka, kazi yachelewa na fedha zaenda kwa fundi.

Tairi la upepo lilipewa hati ya uvumbuzi mara mbili: mwaka 1845 kwa Robert William Thomson, na mwaka 1888 kwa John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama mjini Belfast. Tangu hapo vipimo vimekuwa vingi, na hapo ndipo wengi wetu hupoteza fedha. Tairi la 26 x 1 3/8 hukaa juu ya ringi ya milimita 590, na la 26 x 2.10 juu ya ringi ya milimita 559. Yote mawili huitwa 26, wala moja halifai mahali pa jingine. Basi na tusome namba zilizopigwa ubavuni. Katika 40-635, ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipimo cha ringi.

Gurudumu la nyuma ndilo lichukualo mzigo mkubwa. Ndiyo sababu baisikeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoki 40 nyuma na 32 mbele. Spoki moja ikikatika, jirani zake hubeba kazi yake, nazo hufuata. Ipelekwe kwa fundi upesi.

Katika vyombo, kwanza ni pampu, viraka na gundi. Mpira ukitoboka, kabla ya kuurudisha, pitisha vidole polepole ndani ya tairi uutafute mwiba. Ukisahauliwa humo, kiraka ni kazi bure.

Lakini kilicho bora kuliko vyote ni taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kengele humwonya aendaye kwa miguu. Dereva wa motokaa haisikii. Wako wenzetu wasemao taa ni ghali, nao wamekwisha nunua keria ya kung'aa. Tairi bovu humchelewesha mtu ofisini; kukosa taa kwaweza kumzuia asifike kwake kabisa.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lichange fedha kidogo, liweke ofisini sanduku la pampu, viraka na gundi kwa matumizi ya wote. Na asiye na taa asisafiri usiku.