Fundi Wetu, Hataza Yake



Fundi wetu akibuni mashine mpya ya kumenya muhogo, kampuni ikainakili, afanyeje? Kama hana hataza, kesi ya hataza hana. Sheria ipo tangu 1987, maombi yanapelekwa BRELA.

Akiwa na cheti, anaenda Mahakama Kuu kuomba zuio na fidia. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake. Na kampuni haitakaa kimya. Itajibu: "Hii si mpya, ilishaonekana sokoni, hataza ifutwe!" Ndiyo maana nasema, omba kwanza, ndipo uonyeshe watu.

Sasa BRELA na wakili viko mbali na karakana yake. Vijana, tudai huduma hizi zishuke wilayani. Haki isiyofikika ni ya wenye nauli tu.