Lebo ni Ahadi: Neno Letu kwa Wauzaji na Walaji



Tumeombwa tuseme machache kuhusu chakula. Sisi si wanazuoni. Masomo yetu yaliishia kidato cha nne, na yaliyobaki tulifundishwa na kaunta ya duka. Basi tutazungumza kama wauza duka, na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Kwa miaka mingi duka letu limekuwa likitoa peremende za Annakut, siku inayofuata Diwali, tunapomtolea Mungu vyakula vya kila namna visivyo na nyama, samaki wala mayai. Mwaka mmoja tulileta makopo ya peremende laini za rangi rangi. Zilipangwa mbele ya madhabahu, kisha watoto na wazee wakapokea prasad. Jioni, binti mmoja wa sekondari aliokota kopo tupu, akasoma maandishi madogo, akatuuliza jelatini ni nini. Jibu tulilijua: jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, hasa ng'ombe na nguruwe. Ila sisi hatukuwa tumesoma kopo.

Bibi yake, tuliyemwita Ba kwa desturi yetu, hakuwahi kuonja nyama maishani mwake. Tulikwenda kumwomba radhi. Hakutukemea. Alisema tu kwamba yeye hasomi Kiingereza, na kwamba miaka yote lebo yake ilikuwa sisi. Siku ya pili alifunga. Neno lile lilituuma kuliko hasara yoyote tuliyopata kaunta.

Tangu hapo tumejifunza. India, walikotoka wazee wetu, sheria inataka chakula cha paketi kisicho na nyama kiwe na duara la kijani ndani ya mraba wa kijani. Chenye nyama, samaki au yai hubeba alama ya kahawia. Zamani alama hiyo nayo ilikuwa duara. Kanuni za mwaka 2020 zikaifanya pembetatu, ili hata asiyeweza kutofautisha kijani na kahawia aitambue kwa umbo. Maziwa na asali huhesabiwa upande wa kijani.

Lakini alama peke yake haitoshi. Mwezi Desemba 2021, Mahakama Kuu ya Delhi iliagiza watengenezaji waeleze asili ya kila kiambato, kiwe cha mmea, cha mnyama au cha maabara, hata kikiwa kidogo namna gani. Sababu ni kwamba mengi hujificha nyuma ya namba. E120 ni rangi nyekundu itokayo kwa wadudu. E471 yaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, na E631 vivyo hivyo ina asili zaidi ya moja. Namba ni ileile, asili ni mbalimbali. Tena, duara la kijani halimsaidii ndugu yetu Mjaini asiyekula vitunguu na viazi. Kusoma hakuna mbadala.

Hapa kwetu sheria inataka orodha ya viambato, wala hailazimishi alama ya kijani. Na kanuni za kimataifa za Codex zinataka mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe yatajwe kwa jina lake, yasifichwe chini ya neno "mafuta". Jambo hili si la Wahindu pekee. Jirani yetu Mwislamu anataka kujua kama mna nguruwe. Jirani Msabato vilevile. Mama ambaye mwanawe hudhurika kwa maziwa au karanga, anauliza swali lilelile: ndani mna nini? Anayeandika kwa uwazi anawatumikia wote.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, jikoni mwa Hekalu pasiingie paketi wala kopo kabla ya watu wawili kusoma viambato, na mmoja wao awe kijana. Pili, sisi wafanyabiashara tuwaulize wanaotuletea mali, kwa maandishi, asili ya kila kiambato chenye shaka. Asiyejibu, bidhaa yake isikae kwenye rafu ya wasiokula nyama. Tatu, watengenezaji wetu wa hapa nyumbani waandike kwa Kiswahili kinachosomeka, si kwa herufi za kutafutwa kwa miwani miwili. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa safi haina haja ya kujificha.

Nanyi wanunuzi, mtuulize. Kuuliza si ujinga, na muuzaji anayekasirika kwa swali amekwisha kujibu.

Ba ametangulia mbele ya haki. Yule binti sasa ni mama, na kila Annakut ndiye anayesimama mlangoni mwa jiko akisoma makopo. Ya kwetu huyasoma mara mbili. Anafanya vyema.

Tunawatakia nyote heri ya maadhimisho haya.