Maradhi ya Kuharisha na Karamu Zetu



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya maradhi ya kutapika na kuharisha. Hatusemi kama wageni wa jambo hili, maana lilitufika hapa hapa. Mwakumbuka karamu ya mkutano wetu uliopita. Tulikula vizuri siku ya Jumamosi, na kufika Jumatatu nyumba nyingi zilikuwa na mgonjwa. Wengine walisema nyama ilikuwa mbovu. Wengine wakanong'ona kwamba chakula kimetiwa mkono wa mtu. Baadaye ndipo tulipojua ya kuwa mpishi wetu mmoja alikuwa ametapika usiku wa kuamkia karamu, akanyamaza kwa kuona haya kutuacha na masufuria mekoni.

Hakuna kipimo kilichofanywa, basi hatuwezi kuapa ya kuwa chanzo kilikuwa hicho. Lakini siku zile zalingana na desturi ya kirusi kiitwacho noro, ambacho humwangusha mtu saa 12 hadi 48 baada ya kumwingia. Jina hilo latokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, ambako mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa shule moja walishikwa na kutapika kwa wingi. Mwaka 1972 wataalamu walikiona kirusi chenyewe kwa darubini ya elektroni. Idadi isiyofika mia yaweza kumwuguza mtu, na mgonjwa mmoja hutoa mamilioni katika choo na matapishi yake. Tena huendelea kuvitoa kwa majuma mawili au zaidi, hali yeye mwenyewe ajiona mzima.

Hapo yatubidi tuseme kweli juu ya beseni. Wazee wetu walimiminiwa maji kwa birika, na maji machafu yakaenda zake. Siku hizi, kwa haraka zetu, beseni moja lazungushwa, na mtu wa kumi anawa katika maji ya watu tisa. Mikono hiyo haioshwi, yagawana uchafu. Kisha yote yaingia katika sinia moja. Turudi kwenye birika, na sabuni iwepo. Vile vitakasa mikono vya spiriti, tulivyovizoea tangu mwaka 2020, havikiwezi sana kirusi hiki, kwa kuwa hakina lile vazi la mafuta ambalo spiriti huliyeyusha. Kusugua kwa sabuni na maji yatiririkayo ndiko kunakokiondoa. Mahali palipotapikiwa pafutwe, kisha pasafishwe kwa dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe.

Kwa watoto wadogo yuko adui mwingine, rota, aliyetambuliwa mjini Melbourne mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake. Huyu ana chanjo. Serikali ya Kenya iliianzisha mwezi wa Julai 2014. Ni matone ya mdomoni, nayo huanza mtoto afikapo wiki 6. Mama asingoje mpaka mtoto aanze kula, maana umri wa chanjo hiyo hupita.

Mtoto akiharisha, wako bado wazee wanaoamuru anyimwe maji ili tumbo likauke. Twawaheshimu, lakini kwa hili hatuwezi kuwafuata: kinachomwua mtoto ni kukaukiwa na maji. Apewe ya pakiti za zahanati. Zisipopatikana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari visivyofurika, na nusu kijiko cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, na kunyonya kusikatizwe. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki. Dawa za kuua bakteria hazigusi virusi, nasi twaona fedha nyingi zapotea madukani kwa kuzinunua. Macho yakididimia, au akilia bila machozi, au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitali siku ile ile.

Sasa turudi kwa mpishi wetu. Hatumlaumu. Angesema, nani angeshika mwiko mahali pake? Hatukuweka mtu wa akiba, na ujira wake ungekatwa. Aibu ile ilikuwa yetu zaidi kuliko yake, nasi tumekwisha kumwomba radhi.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mashauri mawili. Kwanza, yeyote aliyeharisha au kutapika asiguse chakula cha chama, wala cha matanga wala cha harusi, mpaka zitimie saa 48 tangu apone. Naye alipwe ujira wake kamili, na wa akiba alipwe wake. Pili, zinunuliwe ndoo nne zenye bomba na sabuni, zikae pamoja na masufuria ya chama. Mweka hazina ameziona bei za ndoo, naye yuko tayari kujibu maswali yenu kabla hamjapiga kura.