Zege Linaloziba Nyufa Zake

(Maelezo yaliyotolewa kwa niaba ya ofisi yetu katika kikao cha kamati za parokia, Mhezi)



Kwetu Upareni ndiva ndiyo shamba. Maji ya mfereji hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa kwa mwenye zamu. Wazee walizijenga kwa udongo na mawe. Nyingine sasa zimeongezewa saruji. Saruji ikipata ufa, mwenye zamu hukuta tope. Kwa hiyo mlipotuuliza juu ya zege linalojiponya, mlituuliza jambo la msingi.

Habari hizo ni za kweli. Huko Uholanzi, mtaalamu Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Delft alianza mwaka 2006 kutafiti zege lenye bakteria waliolala, pamoja na chakula chao. Ufa ukitokea na maji yakiingia, bakteria huamka, hula, na hutengeneza chokaa inayoziba ufa. Lakini zege hilo ni ghali kuliko la kawaida, nasi hatuombi fedha za kulinunua.

Tunalotaka mlijue ni kwamba hata saruji ya dukani ina uponyaji wake. Ndani ya zege hubaki chembe za saruji ambazo hazijapata maji. Ufa mwembamba kama unywele ukilowa, chembe hizo huanza kazi, na chokaa iliyoyeyuka huganda katika ufa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walieleza kuwa vipande vya chokaa katika zege la Warumi wa kale huziba nyufa kwa njia inayofanana na hiyo. Hata hivyo, ufa unaoingia ukucha, au ule wa msingi uliotitia, haujizibi.

Nasi tukiri kosa letu. Tuliwahi kumaliza tangi siku ya Ijumaa tukaenda zetu, jua likalikausha siku mbili bila tone la maji. Likapasuka kila upande, na michango yenu ikavuja pamoja na maji.

Basi tunaziomba kamati mambo matatu:

1. Zege jipya lifunikwe kwa magunia au majani ya migomba, na limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi.

2. Maji ya kuchanganyia yapimwe. Mfuko wa kilo 50 hauhitaji zaidi ya lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa yapunguzwe. Fundi asiongeze maji ili kazi iwe nyepesi.

3. Ufa wa unywele uwekewe alama na tarehe, tangi lijazwe maji, na usubiriwe wiki chache. Ufa mpana uchimbuliwe na kupigwa lipu upya.

Kwenu wafadhili tuna ombi moja. Katika makisio mtaona posho ya mtu wa kumwagilia zege. Ni fungu dogo, na kwa udogo wake hufutwa kwanza. Tafadhali msilifute. Bila mtu huyo, mifuko yote ya saruji mliyotupatia itapasuka.