Girisi ya Kustahimili Maji ya Chumvi

Yumkini yuko atakayecheka asikiapo ya kuwa mwalimu wa Nkuhungu, mahali ambapo upepo huleta vumbi wala hauleti mawimbi, amekusudia kusema habari za vyombo vya kuvulia samaki wa baharini. Kutoka kwetu Dodoma hata pwani ni safari ya kilometa zaidi ya 400, na wengi katika darasa langu hawajaiona bahari ila katika picha. Walakini jambo hili lilinifikia kwa barua, na jibu lake nililikuta hapa hapa nyumbani, ndani ya karai la kufulia nguo.

Barua ilitoka kwa kijana niliyemfundisha zamani. Alipata kazi ya ubaharia huko Mafia, katika mashua ya injini ichukuayo wageni kwenda kuvua jodari na nguru kwa mishipi. Kazi yake mojawapo ni kutunza rili, yaani kile kidude chenye mkono, kifungwacho katika ufito wa kuvulia, ambacho huukunja mshipi na kuuachia. Ndani yake mna magurudumu madogo yenye meno, mna beringi zenye gololi, na mna breki ya kumchosha samaki akimbiapo. Siku moja jodari mkubwa alishika chambo akakimbia; rili ikalia kidogo, kisha ikagoma kabisa, na mshipi ukakatika. Mgeni alikasirika, na nahodha akamwambia kijana kwamba bei ya rili itakatwa katika mshahara wake kwa miezi mitatu.

“Mwalimu, shikamoo,” aliandika. “Mimi sikuwa mvivu. Niliipaka girisi tele wiki mbili kabla. Nilipoifungua nikakuta girisi imekuwa nyeupe kama uji, na gololi zimeshika kutu. Je, kosa langu ni nini?”

Girisi ile aliitoa katika kopo lisilo na jina, lililokuwa limesahauliwa katika karakana ya magari. Nami naona kosa lake ni lile la watu wengi, kudhani kwamba girisi ni girisi.

Hebu tutazame girisi ni kitu gani. Sehemu yake kubwa ni mafuta, na mafuta ndiyo yanayolainisha. Lakini mafuta matupu hutiririka yakaondoka. Kwa hiyo watengenezaji huyachanganya na kitu cha kuyashika, kama dodoki lishikavyo maji. Katika girisi nyingi kitu hicho ni sabuni. Naam, sabuni! Wala sabuni si za namna moja. Iko iliyopikwa kwa magadi, yaani sodiamu, nayo ni ndugu wa ile tunayofulia. Iko ya chokaa, yaani kalsiamu. Iko ya madini yaitwayo lithiamu, ambayo Clarence Earle wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1942, na siku hizi imeenea duniani kote.

Sasa nendeni karaini. Akina mama wa Dodoma wajua kwamba maji ya visima vyetu vingi ni magumu: sabuni haitoi povu upesi, na mkimaliza kufua hubaki utando mweupe ukutani mwa karai, unaonata, ambao maji hayauondoi. Utando ule ni nini? Ni sabuni ya magadi iliyokutana na chokaa iliyomo majini ikageuka kuwa sabuni ya chokaa. Ya kwanza huyeyuka katika maji, ndiyo maana yafaa kufulia. Ya pili huyakataa maji. Basi kile kitu kinachotuudhi sisi wafuaji ndicho hasa anachokihitaji mwenye rili. Girisi ya magadi ikiingiwa na maji hulainika, huchanganyika nayo, hugeuka uji na kutoka. Ya chokaa hukaa palepale.

Jambo hili wahunzi wa majahazi walilijua kwa vitendo kabla ya elimu ya leo kulieleza. Huko pwani huchanganya chokaa na shahamu, wakapata deheni, na kuipaka chini ya chombo ili maji na wadudu watobozao mbao wasiingie. Chokaa na shahamu: hiyo ni karibu sana na girisi ya kalsiamu. Sijui kwa nini vitabu vya mitambo haviwataji watu hawa.

Mtaniuliza, mbona maji ya mvua hayaharibu baiskeli upesi hivyo? Ni kwa sababu ya chumvi. Katika kila lita ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakikauka chumvi hubaki, nayo huvuta unyevu wa hewa, hata chuma hakipati kukauka kamwe. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Pakutanapo metali mbili mbalimbali, kama skrubu ya chuma cha pua katika mwili wa alumini, hutokea kama betri ndogo, na ile iliyo dhaifu huliwa. Kwa hiyo girisi ya rili ina kazi mbili: kulainisha, na kuwa ukuta baina ya chuma na chumvi.

Basi nilimjibu kijana hivi. Usichague kwa rangi, maana buluu na kijani na nyekundu ni rangi tu zilizotiwa. Soma kopo, au mwulize mwuzaji, sabuni yake ni ya nini. Ya magadi iache. Ya chokaa ya kawaida yafaa. Udhaifu wake ni joto kali, nalo haliko ndani ya meno ya rili. Ya lithiamu huvumilia joto na maji pia, ila peke yake haikingi chumvi vya kutosha. Hakikisha imetiwa dawa ya kuzuia kutu. Iliyo bora kwa bahari kati ya hizi ni ile ya kalsiamu salfoneti, nayo bei yake ni kubwa, lakini rili moja hula kidogo sana. Namba 2 ni uzito wa kawaida. Kwa rili ndogo afadhali 1 au 0, isije ikawa nzito mkononi.

Wala usijaze kila mahali. Meno yapake vizuri, na skrubu, na ndani ya mwili utando mwembamba. Beringi za gurudumu la mshipi, ikiwa mvuvi hurusha chambo mbali, zipe tone la mafuta mepesi tu. Breki ina girisi yake yenyewe. Ukiitia nyingine huenda ikashika kwa kushtuka-shtuka na kukata mshipi. Na ile beringi inayozuia mkono usirudi nyuma, usiitie girisi nzito hata kidogo, isije ikateleza na mkono ukakupiga vidole. Kabla ya kutia girisi mpya iondoe ya zamani yote kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha ukaushe. Maana sabuni mbili zikichanganywa huenda zisipatane, na mafuta yakavuja.

Kila jioni iosheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kumwagia polepole, breki ikiwa imekazwa. Maji ya nguvu husukuma chumvi ndani. Ikisha kukauka, breki ilegezwe.

Mwisho nilimwomba afanye jaribio tulilolifanya darasani. Twaa misumari mitatu iliyosuguliwa ikang'aa. Mmoja uache mtupu, wa pili upake girisi ya kopo lile, wa tatu girisi mpya, kisha itie katika maji ya chumvi siku chache. Darasani wanafunzi waliibishania misumari hiyo kana kwamba ni majogoo ya kupiganisha.

Huko Mafia msumari mtupu na wa kopo la karakana ilitoka na kutu; wa tatu ulitoka ukiwa safi chini ya girisi. Kijana akampelekea nahodha yote mitatu katika kitambaa. Nahodha aliitazama, akauliza kopo lile la zamani liko wapi, akaagiza litupwe. Mshahara ulikatwa mwezi mmoja. Miezi miwili akasamehewa.

Kopo jipya ameliandika jina kwa rangi, na hulifunika mara tu achotapo. Nasi wa Dodoma wenye baiskeli na pampu za visima tufanye vivyo hivyo, kwa kuwa vumbi letu likiingia katika girisi, husaga chuma kama msasa. Kwa herini.