Usiweke Dawa ya Magugu Katika Chupa ya Soda

Leo tutazungumza juu ya dawa za kuua magugu.

Huenda unafikiri jambo hili ni la wenye mashamba makubwa peke yao. La, hata hapa Nairobi dawa hizi zinatumika. Katikati ya jiji hunyunyiziwa nyasi zinazoota kwenye maegesho ya magari. Lavington na Karen hunyunyiziwa katika nyua za nyumba. Uthiru, Dagoretti na Kangemi hutumika kusafisha vishamba kabla ya kupanda sukuma wiki. Mara nyingi anayenyunyiza ni kibarua au mtunza bustani. Jioni hurudi nyumbani kwa watoto wake, na pengine amebeba dawa iliyosalia katika chupa ya soda.

Chupa hiyo, msikilizaji, ndiyo hatari kubwa. Mtoto mwenye kiu hajui kuna nini ndani. Hata mtu mzima anaweza kuichukua gizani akidhani ni kinywaji.

Je, dawa hizi ni zipi? Ya kwanza ni glaifosati, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Siku hizi ina majina mengi. Hupenya kwenye majani ikashuka hadi mizizini, na gugu hukauka polepole kwa muda wa wiki moja au mbili. Haichagui: itaua gugu, sukuma na hata nyasi za uani. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Idara za serikali za Marekani na Ulaya hazikukubaliana nao. Wewe usingoje wamalize kubishana, jikinge.

Ya pili huitwa 2,4-D. Hii huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi, kwa hivyo hutumika katika nyua. Lakini upepo ukiipeleka kwenye nyanya au maharagwe ya jirani, yataharibika. Usitumie pampu yake kunyunyiza mboga, kwa maana mabaki kidogo tu yanatosha kuleta hasara.

Ya tatu ni parakwati, iliyojulikana sana kwa jina la Gramoxone. Hii huunguza majani mabichi haraka, hasa kukiwa na jua. Ndiyo hatari zaidi kwa binadamu. Ilipigwa marufuku katika nchi za Muungano wa Ulaya mwaka 2007. Hakuna dawa inayojulikana ya kuondoa sumu yake. Aliyeimeza anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, akatembea na kuongea, kumbe figo na mapafu yanaharibika. Basi usimwache mgonjwa nyumbani kwa sababu anasema amepata nafuu.

Sasa tufanye nini ili tuwe salama?

Kwanza, nunua dawa katika duka lenye leseni, ikiwa katika chombo chake kilichofungwa. Angalia lebo kama ina nambari ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosimamia dawa hizi, yenye ofisi Loresho, kando ya Waiyaki Way. Usikubali kupimiwa dawa katika chupa nyingine.

Pili, soma lebo. Kama huwezi kusoma, omba mtu akusomee. Usizidishe kipimo.

Tatu, vaa buti za mpira, glavu, miwani, kitambaa au barakoa ya kufunika pua na mdomo, na nguo za mikono mirefu. Wewe unayemwajiri kibarua, mnunulie vifaa hivi. Usimwambie ajitafutie.

Nne, nyunyiza wakati ambapo hakuna upepo. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Pampu ikiziba, usiipulize kwa mdomo.

Tano, osha chombo kitupu mara tatu na maji hayo uyamimine ndani ya pampu yatumike. Kisha kitoboe. Usikitumie kuwekea maji, mafuta au maziwa, na usiogeshe pampu mtoni. Dawa iliyosalia ibaki katika chombo chake, ndani ya stoo yenye kufuli, mbali na jikoni. Kufuli humkinga mtoto, na pia humkinga mtu mzima aliyelemewa na huzuni.

Na ajali ikitokea? Dawa ikimwagikia ngozi, vua nguo mara moja na uoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi kwa dakika kumi na tano. Mtu akimeza, usimtapishe, na usipoteze wakati ukimpa maziwa. Mpeleke hospitali upesi, kisha ubebe chombo chenye lebo, ili daktari ajue ni sumu gani. Kama dawa ilikuwa katika chupa ya soda, daktari atabaki kubahatisha.

Leo hii, kabla hujalala, angalia chini ya kitanda, nyuma ya mlango na kwenye stoo. Kinga ni bora kuliko tiba.